Kulungu wa Barabara ya Ziwani

"Namba ya mkeo," Lonnie alisema.

Verner Niskanen aliitaja yote bila kusita.

"Ya binti yako."

Verner alitaja tarakimu nne, akakwama. Alitazama dari, akatazama dirisha, kisha mkono wake ukaanza wenyewe kwenda kwenye mfuko wa shati ilimokuwa simu.

"Rudisha mkono huo, mzee. Kule ndani hakuna simu ya kukukumbukia. Usipokuwa na namba kichwani, huna binti. Jifunze sasa, siyo siku ile umesimama getini unatetemeka."

Lonnie Tharp alikuwa amekaa gerezani miaka sita kwa ajili ya hundi za uongo. Siku hizi wakili wa Verner alimlipa ili awafundishe wateja namna ya kufungwa, na kazi hiyo aliifanya kwa moyo kuliko wengi wanaofundisha mambo ya heshima. Asubuhi ile ya Oktoba alikuwa amekwisha kumwambia Verner aende akazibe meno yote kabla ya kuingia, atengeneze miwani ya akiba, avae pete isiyo na kito. Asikae kamwe juu ya kitanda cha mtu. Asimuulize mtu kafanya nini. Akiulizwa yeye, aseme kwa ufupi, maana wote watakuwa wameshasoma.

Marlys, mke wa Verner, aliandika kila kitu kwenye daftari la mapishi, kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye mkoba. Aliandika kwa mwandiko mzuri. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa ndiye anayeandika mambo ya nyumba ile, na hakuona kwa nini jambo hili liwe tofauti.

Kosa lenyewe halikuwa na ubishi. Verner alikuwa meneja wa chama cha akiba na mikopo cha mji wao mdogo wa Haapala, kaskazini kabisa mwa Michigan, na kwa miaka mitano alichota akiba za wanachama, wengi wao wajane wa wachimba chuma. Mwezi wa tatu walikuja watu wa serikali kuu wakabeba kompyuta. Mwezi wa nane alikiri. Sasa ilibaki hukumu, na mawakili wa pande zote mbili walikuwa wanataja miezi thelathini na saba.

Lonnie alivuta rundo la karatasi. Ilikuwa ripoti ambayo afisa wa mahakama humwandikia jaji kabla ya hukumu: mtu kazaliwa wapi, anaumwa nini, anaishi na nani. Walikuwa na siku kumi na nne za kusahihisha chochote kilichoandikwa humo, na siku tano zilikuwa zimekwisha kupita.

"Sasa nisikilizeni," alisema. "'Mke wa mshtakiwa alieleza kwamba pombe haijawahi kuingia nyumbani kwao. Alisema hata vanila ya keki hununua ile isiyo na spiriti.' Nani kasema haya?"

"Mimi," alijibu Marlys, kwa sauti ya mtu anayengoja kusifiwa.

Lonnie alivua miwani akajifuta uso. "Mama. Mama yangu. Unajua umefanya nini?"

Akawaeleza. Ndani ya magereza ya serikali kuu kuna mpango wa tiba kwa walevi na watumiaji wa dawa. Ni miezi tisa. Mtu anaamka alfajiri, anakaa kwenye duara na wanaume wenzake wanaolia, anaambiwa ukweli wake mbele ya watu mpaka anachoka kujidanganya. Akimaliza vizuri, wanaweza kumpunguzia kifungo hadi mwaka mzima.

"Mwaka, mama. Krismasi moja na bethdei za ukoo wote. Lakini ni lazima iwe imeandikwa humu kwamba mtu alikuwa na tatizo kabla hajakamatwa. Na humu imeandikwa anaishi na malaika." Akamgeukia Verner. "Nikuulize, mzee. Unakunywa ama hunywi?"

"Hanywi," alisema Marlys.

Neno lilitoka lenyewe. Alikuwa amelisema kanisani, dukani, kwenye simu, kwa mama yake mzazi siku ya kufa kwake. Kanisa lao halikuwa na mchezo na pombe. Hata kwenye meza ya Bwana walikunywa maji ya zabibu. Mke aliyekuwa na mlevi nyumbani hakuonewa huruma, aliulizwa alikosea wapi.

"Nimemuuliza yeye," alisema Lonnie taratibu.

Verner alitazama viatu vyake. "Nilikuwa nakunywa," alisema. "Vodka. Mwishoni ilikuwa chupa kwa siku. Niliacha siku ile walipokuja."

"Uliacha vipi?"

"Nilijifungia kwenye kibanda cha sauna nyuma ya nyumba siku tano. Nilitetemeka. Nikaona vitu."

"Nikawaambia watu ana mafua," alisema Marlys, na kwa mara ya kwanza aliyasikia maneno yake yalivyo ya kijinga.

Lonnie hakucheka. "Mimi nakuamini. Lakini walevi wa ghafla nawajua, na afisa Marcotte aliyeandika ripoti hii anawajua kunizidi. Mtu akisikia tu habari ya mwaka mmoja, anakumbuka kwamba alinyonya kwenye chupa ya bia. Marcotte atataka karatasi. Daktari, polisi, hospitali, kitu chochote cha kabla ya mwezi wa tatu. Mnacho?"

Mume na mke hawakutazamana. Kila mmoja alikuwa anafikiria karatasi ile ile.

"Tutatafuta," alisema Marlys.

Njiani kurudi nyumbani walisimama dukani kuchukua maziwa. Mjane mmoja wa chama, Bi Eunice Salo, alikuwa mbele yao kwenye foleni akiwa na makopo mawili ya supu. Alipowaona alijisogeza pembeni, akawaachia nafasi kubwa kuliko inayohitajika, akasema, "Tangulieni tu, nyie mna haraka." Hakusema kwa ubaya. Verner aliacha maziwa pale pale juu ya kaunta akatoka nje.

Marlys alilipa. Alikuwa anazoea. Kanisani akina mama walikuwa wamemwondoa kwenye zamu ya kahawa, wakamwambia apumzike kwanza, kana kwamba kumimina kahawa kulikuwa kumemchosha. Na kapu la sadaka sasa lilipita mbele yake haraka kidogo, mkononi mwa mtu mwingine, bila kuachiwa alishike.

Nyumbani aliweka kahawa na mkate wa iliki mezani. Verner hakuugusa.

"Tuache, Marlys," alisema. "Nitakaa yote. Miezi yote thelathini na saba ni yangu."

"Usijifanye mtakatifu jikoni kwangu."

"Sijifanyi. Nimewaibia watu."

"Umewaibia. Basi utalipa kwa jambo hilo. Hii nyingine ni ya kwangu. Mimi ndiye niliyemwambia yule mwanamke habari za vanila." Sauti ilimpanda. "Una miaka sitini na mitatu, Vern, na daktari ameshatuonya kuhusu moyo wako. Unajua mwaka mmoja ni nini kwa mtu kama wewe? Nimeutupa kwa mdomo wangu mwenyewe, nimekaa sebuleni nimevaa sketi ya Jumapili, najiona nimekusaidia."

Alikwenda chumbani akarudi na bahasha aliyokuwa ameificha kwenye debe la vifungo. Ilikuwa imetoka hospitali moja ya Wisconsin, ng'ambo ya mpaka wa jimbo. Tarehe ilikuwa ya Novemba mwaka uliopita, wiki ya kuwinda. Verner alikuwa amegonga kichwa katika ajali ya gari, na hospitali ikampima damu. Kiwango cha pombe kilikuwa kimeandikwa, na chini yake daktari ameongeza kwa mkono kwamba mgonjwa anaonyesha dalili za unywaji wa muda mrefu na ashauriwe tiba. Waliambiwa. Walisema asante, wakaondoka.

Mtu mwingine aliyeumia siku ile alikuwa mjukuu wao Brynn, mtoto wa binti yao Janelle, wakati huo ana miaka sita. Alivunjika mfupa wa bega. Mji mzima ulijua kwamba kulungu aliruka barabarani wakati bibi, Mummu kama Brynn anavyomwita, anaendesha pikapu, kwa sababu ndivyo bibi alivyosema, na mahali pale hakuna dereva ambaye hajawahi kugonga kulungu wake. Watu waliwaletea mikate. Wanaume walimuuliza Verner kama angalau nyama ililiwa.

"Hii karatasi inasema nani alikuwa anaendesha?" Verner aliuliza.

"Inasema mimi."

"Basi inatosha ilivyo." Alisema bila kumtazama. "Inaonyesha nilikuwa nimelewa. Wanachotaka ni hicho. Nani alishika usukani hawakuuliza."

Marlys aliikunja bahasha. Alijua kwamba mumewe, aliyekuwa tayari dakika mbili zilizopita kukaa miezi yote, hakuwa tayari binti yake ajue. Na hilo hakuweza kumlaumu, maana yeye mwenyewe alishusha pumzi aliposikia kuna njia.

"Itatosha," alisema.

Ofisi ya afisa wa mahakama, walikokwenda kesho yake asubuhi, ilikuwa mwendo wa saa mbili, ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo lazima uvue mkanda mlangoni. Verner alisimama ameshika suruali yake kwa mkono mmoja mbele ya kijana wa ulinzi, naye Marlys alitazama upande mwingine ili asimwone.

Bi Marcotte alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mwenye sweta na mafua ya kweli. Aliisoma karatasi ya hospitali mara mbili. Kisha akafungua ripoti yake mwenyewe akaweka kidole kwenye mstari wa vanila.

"Kwa hiyo mlinidanganya," alisema.

"Nilidhani ninamsaidia," alisema Marlys.

"Wote hudhani hivyo. Wengine wananiambia mume hanywi, wengine wananiambia mume hajawahi kulala bila kulewa. Inategemea mwezi gani wameongea na wakili." Alipenga kamasi. "Nikuulize jambo dogo, Bi Niskanen. Siku ile nani alikuwa anaendesha?"

"Imeandikwa hapo."

"Naona imeandikwa. Nakuuliza wewe."

"Mimi."

Bi Marcotte aligeuza karatasi ya pili, ile ya maelezo ya daktari, akasoma polepole. "Mgonjwa ana alama ya mkanda wa gari iliyochubuka. Bega la kushoto, ikishuka kulia." Aliinua macho. "Mimi mwenyewe nilipata ajali mwaka juzi nikiwa abiria. Alama yangu ilikuwa bega la kulia. Mkanda wa abiria hupita kulia. Wa dereva hupita kushoto."

Nje mtu alikuwa anacheka karibu na mashine ya kahawa.

"Nitakuuliza mara ya pili," alisema Bi Marcotte, "na sitauliza ya tatu. Unajua kumdanganya afisa wa mahakama ni kosa. La kwanza nililiona la mke anayempenda mumewe. Hili siwezi."

Verner alifungua mdomo. Lakini Marlys alikuwa ameshasema.

"Ni yeye."

"Ni mimi," alisema Verner.

Bi Marcotte hakuonyesha kufurahi. Aliandika, akauliza maswali mengine mengi: tangu lini, kiasi gani, nani mwingine alikuwamo garini, nani aliyeficha chupa na wapi. Marlys alijibu yote. Alishangaa jinsi anavyokumbuka. Chupa ndani ya pipa la kuni, chupa kwenye buti la kuvulia samaki, chupa moja kwenye tangi la choo cha wageni. Alikuwa na ramani nzima kichwani.

"Basi sikilizeni," alisema Bi Marcotte mwishowe. "Nitarekebisha ripoti. Itasema alikuwa mlevi, na itasema pia aliendesha amelewa na mtoto garini. Jaji anaweza kupendekeza tiba. Anaweza pia kuongeza miezi kwa sababu ya huyo mtoto. Sitawaahidi lolote."

"Tunaelewa," alisema Verner.

"Na neno la mtu aliyenidanganya silibebi peke yake. Kesho saa tatu asubuhi nitampigia mama wa mtoto. Nitamuuliza anajua nini kuhusu baba yake na pombe, na nitamwambia kwa nini nauliza. Kama mnataka alisikie kwenu kwanza, mna leo."

Janelle aliishi mtaa mmoja nyuma ya shule, katika nyumba ndogo ya buluu. Mume alikuwa dereva wa malori, mara nyingi hayupo. Siku hiyo Janelle alikuwa ametoka kazini kwenye kliniki ya meno, bado amevaa sare yenye picha za vikaragosi vya katuni, na alikuwa anamenya viazi. Aliwaona wazazi wake wamesimama mlangoni, baba amevua kofia, akaweka kisu chini.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," alisema Marlys. "Kaa, mwanangu."

"Mama, mtu akiniambia nikae ndipo ninapotaka kusimama. Semeni."

Verner ndiye aliyeanza. Tangu asubuhi alikuwa hajala, na uso wake ulikuwa wa kijivu. "Janelle, mimi ni mlevi," alisema. "Nimekuwa mlevi miaka mingi. Siku ile na Brynn, mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Mama yako hakuwamo. Nilikuwa nimelewa, nikaingia mtaroni, nikampigia simu mama yako aje. Hapakuwa na kulungu."

Janelle alijishika kwenye ukingo wa sinki. Marlys alingoja kelele.

"Najua unakunywa, Baba," alisema Janelle.

"Unajua?"

"Tangu nina miaka kumi na minne. Nani asiyejua? Nilikuwa nazikuta kwenye pipa la kuni, nazimwaga nusu na kujaza maji, ili Mama asione." Alicheka kicheko kibaya, kifupi. "Nilidhani Mama hajui! Miaka yote nilikuwa namfichia Mama."

Wanawake wawili, nyumba moja, kila mmoja akimlinda mwenzake na jambo ambalo wote walikuwa wamelishika mkononi.

"Na ndiyo maana sikumwacha Brynn kwako hata siku moja," Janelle alimwambia baba yake. Sasa machozi yalikuwa yanatoka, lakini sauti ilikuwa bado imara. "Nilimwacha kwa Mama. Nilisema, Mama yupo. Ulimchukuaje?"

"Nilimruhusu," alisema Marlys. "Nilikuwa na mikate kwenye oveni. Baba yako alisema wanakwenda mara moja tu, kuangalia kama ziwa limeshaganda. Nilimnusa. Nikamruhusu, kwa sababu kumkatalia mbele ya mtoto kungekuwa ni kusema amelewa."

Alidhani hilo ndilo zito kuliko yote. Alikuwa amelibeba mwaka mzima, na alipolitua alihisi kitu kama nafuu. Kwa hiyo akaweka karatasi ya hospitali mezani, akaendelea haraka: habari za Lonnie, mpango wa tiba, mwaka mmoja, afisa Marcotte atakayepiga simu kesho saa tatu. Alisema baba hakuomba, yeye ndiye aliyeharibu, na kwamba Janelle akiulizwa aseme tu anachokijua.

Janelle alikuwa hamsikilizi. Alikuwa anatazama viazi.

"Ziwa," alisema.

"Nini?"

"Umesema walikwenda kuangalia ziwa. Ziwa lipi?"

"Letu. Barabara ya Ziwani."

"Mliniambia mlikuwa Wisconsin. Mlikwenda kununua viatu vya theluji, mkamgonga kulungu huko, ndiyo maana akapelekwa hospitali ya huko." Janelle aliinua macho, na yalikuwa makavu tena. "Barabara ya Ziwani iko hapa, Mama."

Marlys alianza kukusanya maganda ya viazi.

"Hospitali yetu iko dakika kumi kutoka ziwani," alisema Janelle.

"Manesi wote wa pale ni wa kanisani kwetu."

"Wisconsin ni saa moja na nusu."

"Theluji haikuwa nyingi siku ile. Nilikwenda kasi."

"Na mfupa umevunjika."

"Sikujua kama umevunjika. Nilidhani umeteguka tu." Kisha, kwa kuwa ilikuwa siku ya kusema, Marlys alisema: "Hapana. Nilijua. Ulikuwa umetokeza chini ya ngozi. Taa za hospitali niliziona kabisa upande wangu wa kulia, nikapita."

Verner aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, akaweka uso mikononi. Hata yeye hili hakulijua vizuri. Alikuwa amelala kwenye kiti cha mbele, anakoroma.

Janelle alisogea mpaka upande wa pili wa meza, kana kwamba alihitaji kuwa na meza katikati. "Alikuwa analia?"

"Mwanzo."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilimwambia asimulie habari ya kulungu. Nilimwambia ukiwa unasimulia, hutasikia maumivu. Nikamwambia airudie. Alikuwa na pembe ngapi, alitokea upande gani, Mummu alikanyaga breki vipi. Mpaka tunafika alikuwa anaijua yote." Alijifuta pua kwa kiganja kama mtoto. "Daktari alimsifu. Alisema ni msichana hodari, anaeleza vizuri."

"Toka nyumbani kwangu," alisema Janelle.

"Mwanangu."

"Huyo afisa anipigie. Nitamwambia baba yangu ni mlevi, nitamwambia tangu mwaka gani na chupa zilikaa wapi. Apate tiba yake, apate na mwaka wake, simnyimi." Alikuwa anazungumza taratibu sana, kama mtu anayemsomea mwingine maelekezo ya dawa. "Baba nilikuwa namjua. Wewe ndiye niliyekuwa nakuachia mtoto."

Mlango wa mbele ulifunguka. Ilikuwa saa tisa na nusu, basi la shule lilikuwa limeshapita, na hakuna aliyelisikia. Brynn aliingia na begi mgongoni, kofia ya sufu imemwangukia machoni. Alimwona bibi yake analia. Alimwona babu amejifunika uso, na mama yake amesimama na shingo imekaza, na juu ya meza karatasi ya hospitali yenye nembo ya msalaba ambayo aliikumbuka.

Alisimama pale pale kwenye mkeka wa viatu. Rangi ilimtoka.

"Si mimi niliyesema, Mummu," alisema. "Nilisema kulungu. Kila mtu akiniuliza nasema kulungu. Hata Mama."

Marlys alipiga hatua kumwendea. Janelle aliinua mkono mmoja tu, na Marlys akasimama. Hakuwahi kujua kwamba binti yake ana mkono kama huo.

Janelle alipiga magoti mbele ya mtoto. Alimvua kofia, akamtengeneza nywele zilizosimama, akamshika mabega yote mawili, lile zima kwa nguvu na lile jingine polepole.

"Hakuna aliyekukasirikia, kipenzi changu. Hakuna. Nataka tu uniambie mimi, Mama. Siku ile nani alikuwa anaendesha gari?"

Brynn aliinua macho juu ya bega la mama yake, akamtazama Marlys usoni, akingoja kuambiwa aseme nini.